Mfuko Haupigwi Picha Peke Yake

Asubuhi hiyo Peris alichemsha maji, akakung'utia ndani yake sukari iliyobaki kwenye pembe ya karatasi, akampa mtoto kikombe na kumwambia hiyo ni chai. Shirleen alikuwa na miaka minne na hakuwa mjinga. Alionja, akakitazama kikombe, kisha akamtazama mama yake.

"Hii si chai. Chai iko na rangi."

"Kunywa, mama. Rangi itakuja kesho."

Julius, baba yake, alikuwa amelala kifudifudi kwenye godoro akijifanya hasikii. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake siku hizi. Mtu mzima, ndevu zimejaa kidevuni, analala mpaka adhuhuri kwa sababu aliyelala haulizwi kitu. Zamani alikuwa dereva wa lori la friji, anapakia Bandari ya Jeddah na kushusha Riyadh, na akishuka kwenye lile lori watu wa Ruwais, mtaa wao wa Jeddah, walikuwa wakimwita kwa sauti kutoka madirishani. Kisha kafili, mwajiri aliyemdhamini, akakataa kumlipia ikama mpya, kile kibali cha kuishi nchini, wakajibizana, halas, ikaishia hapo. Lori likapewa mwingine. Bila ikama hakuna anayekuandika kazi, na ukikutana na askari barabarani umekwisha.

Peris naye alitoroka kwa madam wake wa kazi za ndani kabla hata hajampata huyu mtoto. Alikuwa akifua na kupiga pasi kwenye nyumba za watu, kibarua hapa, kibarua pale, mpaka wenye nyumba wakaanza kuogopa faini ya kuweka mtu asiye na karatasi. Wakamwambia asante, usirudi. Na Shirleen ndiye hana karatasi kabisa. Alizaliwa humu humu chumbani, mkunga akiwa Rosebellah msusi, na mpaka leo hakuna serikali yoyote inayojua kwamba yupo duniani. Misaada ya chakula ipo mjini, tena ya kutosha, lakini swali la kwanza mlangoni ni ikama. Kulikuwa na friji ya sadaka nje ya msikiti wa mtaa wa pili, ambapo Peris alikuwa akiwahi alfajiri na kupata khubuz, ile mikate bapa, na maziwa. Friji hiyo iliharibika, ikafungwa kamba, ikabaki imesimama pale.

"Norman ameingia kutoka Riyadh," Peris alisema. "Kabati limejaa. Rosebellah amenipigia."

Julius alivuta shuka juu ya kichwa.

"Baba Shirleen, si naongea na wewe?"

"Nimesikia."

"Basi niende."

"Uende wapi?" Julius aliketi. Kumbe hakuwa na usingizi hata kidogo. "Uende upigwe picha?"

* * *

Kabati lenyewe ni kabati kweli, la bati, milango miwili, limesimama chumbani kwa Rosebellah kati ya kioo cha kusukia na ndoo ya nywele bandia. Wakenya wenye kazi Jeddah na Riyadh hulijaza: unga, mchele, mafuta, dengu, maziwa ya unga kwa wenye watoto. Wasio na kazi huja na kubeba. Hakuna anayekuuliza ikama, dini wala kabila. Ni kitu kizuri, na sitaki mtu aseme ninakidharau. Kuna wasichana waliotoroka kwa waajiri usiku bila viatu, na chakula chao cha kwanza walikila wakiwa wameketi sakafuni mbele ya lile kabati, wanalia na kutafuna. Rosebellah hajawahi kumfukuza mtu.

Lakini lilikuwa na sheria moja. Anayechukua hupigwa picha, uso na mfuko, na picha inaingia kwenye grupu la WhatsApp ili wachangiaji waone jasho lao limekwenda wapi. Grupu lenyewe lina Wakenya wa Jeddah, wa Riyadh, na ndugu zao wa nyumbani waliojiingiza kwa sababu zao wenyewe. Ukipigwa picha Ruwais asubuhi, mchana shangazi yako ameshaiona Mumias.

Na nani aliileta sheria hiyo? Julius huyo huyo aliyelala kifudifudi. Enzi za lori alikuwa akibeba mifuko ya Riyadh bure njiani kurudi, na watu wakamheshimu, na heshima ikampanda kichwani. Siku moja akasikia kwamba dada mmoja, Mourine, anauza mchele wa kabati. Hakuuliza. Alimvizia mlangoni, akampiga picha mikono yote imeshika mifuko, akairusha kwenye grupu na maneno haya: *Kuanzia leo kitu kisiingie wala kisitoke bila picha. Tuwajue wanaokula jasho letu.* Watu wakamwaga vidole gumba. Baadaye ikajulikana Mourine aliutoa ule mchele kwa jirani apate dawa ya homa. Wakati huo alikuwa ameshatoka kwenye grupu na kuhama Ruwais, na hakuna aliyemtafuta kumwambia pole.

"Wale ni watu niliokuwa nikiwaletea chakula, Peris," Julius alisema. "Mimi! Kwa mikono yangu! Leo waone mke wangu amekumbatia mfuko? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Uso? Mtoto amekunywa maji moto asubuhi, wewe unaniambia uso?"

"Kuna mtu ameniahidi kibarua cha kuosha magari."

"Tangu lini? Huyo mtu si ndiye wa mwezi jana?"

"Nimesema hapana. Mafi. Mafi kabati."

Akiishiwa na sababu alikuwa akihamia Kiarabu. Alijilaza tena na kugeukia ukuta. Peris alimtazama mgongo. Alikuwa amempenda huyu mwanamume, na siku ile alijiuliza ni kitu gani hasa alichokipenda.

* * *

Peris alimwambia mumewe anaenda kuuliza kazi ya kufua. Alipofika ukumbini akagonga kwa jirani yao Zulekha, mwanamke wa Malindi aliyekuwa akipika kwenye shule moja ya watoto, akamwomba amwazime nikabu.

"Makubwa! Unaslimu leo?" Zulekha alicheka.

"Ni ya saa moja tu, dada yangu. Nakurudishia."

Zulekha aliacha kucheka. Alimfunga mwenyewe, taratibu, akaziingiza nywele ndani. "Nikabu ni ya haya, si ya kuficha njaa," alisema, "lakini Mungu anaona tumbo pia. Nenda."

Peris aliona amepata dawa. Wanawake Waislamu waliokuja kwenye kabati walipigwa picha na nikabu zao, na hapo Norman alikuwa na adabu, hakuwahi kumwambia mtu ajifunue. Peris wa kwaya ya Jumapili, ile inayoimba kwa sauti ya chini ndani ya sebule ya mtu, nani angemdhania? Akamshika Shirleen mkono wakashuka. Hakufikiria kumwacha. Mtoto alikuwa akienda naye kila mahali, kama mkoba.

Chumba cha Rosebellah kilikuwa kimejaa. Wanawake walikaa kwenye mkeka wamebanana, wanaume wawili wamesimama karibu na mlango wakitazama sakafu kwa bidii. Norman alikuwa mbele ya kabati, shati jeupe, simu mkononi. Alifanya kazi kwenye mkahawa wa Al-Sulimaniyah, huko Riyadh, akazoea kuwaambia watu wakae wapi. Hakuwa mtu mbaya. Alisafiri na basi usiku kucha kuleta vile vitu, na macho yalikuwa mekundu. Lakini mtu akipewa simu na foleni, hubadilika kidogo.

"Inua mfuko, dada. Zaidi. Jina la duka lionekane, mwenye duka ametoa unga wote huu. Hapo! Sasa cheka kidogo. Kwani umefiwa?"

Msichana aliyekuwa akipigwa picha alicheka. Alipopokea mfuko wake alitoka mbio bila kuaga.

Zamu ya Peris ilipofika, Rosebellah alimtazama, akamtazama Shirleen, akaelewa mara moja. "Huyu namjua," alimwambia Norman. "Mpe tu aende."

"Nawe pia, dada Rosebellah? Mfuko haupigwi picha peke yake. Riyadh wataniuliza." Akamgeukia Peris. "Jina?"

"Mwanaidi."

"Wa wapi?"

"Mombasa," Peris alijibu, kwa lafudhi ya Kakamega iliyonyooka kabisa. Rosebellah akageukia kioo na kuanza kupanga vitana.

Norman alisita. Pengine alishuku. Pengine alichoka tu. "Sawa, Mwanaidi. Inua."

Peris aliinua. Tumbo lake nalo lilikuwa tupu tangu jana, na mfuko ulikuwa mzito. Simu ilipokuwa tayari, Shirleen akaona pakiti ya maziwa ya unga ikichungulia, akajitupa na kuukumbatia mfuko kwa mikono miwili, meno yote nje.

"Aaa, safi sana!" Norman alisema. "Hiyo ndiyo picha! Hapo wachangiaji watalia."

Chini ya kitambaa Peris alitabasamu. Chakula alikuwa nacho, na uso wake hakuna aliyeuona. Alishuka ngazi akijiona mjanja.

* * *

Alikuwa amesahau kitu kimoja. Kwenye grupu lile uso wa Peris ulijulikana na wachache. Uso wa Shirleen ulijulikana na kila mtu. Alikuwa mtoto wa grupu. Alipozaliwa walimchangia nguo na blanketi, na tangu hapo Julius alikuwa akiwatumia kila hatua: jino la kwanza, hatua ya kwanza, kofia ya Krismasi. Hata watu wa Riyadh ambao hawajawahi kumshika walimwita "Shirleen wetu."

*Si huyu ni Shirleen wetu??* aliandika mtu.

*Ndiye! Aki amekua.*

*Na huyo aliyefunikwa? Julius ameongeza wa pili?* Hapo vikafuata vile vikatuni vya kucheka, msururu mzima.

*Peris ameslimu lini?*

*Kumbe hata mzee wa sheria ya picha ana njaa.*

Na mwisho kabisa ujumbe wa Protus, mdogo wake Julius, kutoka nyumbani: *Kaka, kumbe huko mnaombaomba? Mama ameona.*

Julius aliyasoma yote akiwa ameketi kwenye godoro. Masikio yalimwaka. Alimwona binti yake pichani amekumbatia mfuko, amefurahi kwa namna ambayo hakuwa amemwona akifurahi kwa muda mrefu, na angeweza kuitazama furaha hiyo kidogo, ikamfundisha jambo. Hakuitazama. Alimtazama Protus. Alimtazama yule wa kucheka. Akaandika: *Familia yangu haina njaa. Mke wangu alipita kumsalimia Rosebellah tu. Mfuko unarudishwa leo.* Akatuma.

Peris aliingia akihema, nikabu ameshairudisha kwa mwenyewe. Simu yake haikuwa na bando, hakujua lolote. Aliweka mfuko chini, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga kando ya jiko. Shirleen alishika maziwa yake kifuani.

"Baba, tumepata!"

"Rudisha hivyo vitu," Julius alisema.

"Nini?"

Alimwonyesha simu. Peris alisoma huku amepiga magoti. Alipofika kwenye ujumbe wa mume wake aliusoma tena kwa sauti, polepole, hasa yale maneno ya kwanza.

"Familia yako haina njaa," alisema. "Ni familia gani hiyo? Uko na ingine?"

"Umenivua nguo, Peris."

"Na mtoto je? Nani amemvisha?"

"Nitavirudisha mwenyewe."

"Mchana huu? Na askari?" Sauti yake ilipanda. "Tangu lori liende hujatoka mchana! Nikikuambia nenda hata sokoni ubebe mizigo ya watu, unaniambia askari. Maji ya kunywa nabeba mimi kwa sababu ya askari. Leo wameenda wapi hao askari, Julius? Wamepewa likizo?"

Julius alianza kutafuta shati. Alichagua lile la kazi la zamani, akaona limejikunja, akachomeka pasi. Naam, alipiga pasi. Alisimama pale akinyoosha kola, mtoto ana njaa nyuma yake, ili akirudisha unga aonekane nadhifu. Na alipokuwa amewapa mgongo, Peris alifungua pakiti ya unga kwa meno, akamimina nusu yake ndani ya foronya, akaisukuma foronya chini ya godoro.

Shirleen hakutaka kuyaachia maziwa. Baba yake alichuchumaa, akasema "lete, mama, lete nitakununulia mengine," na mtoto akatikisa kichwa, na mwanamume huyo akamfungua vidole kimoja baada ya kingine. Mtoto hakupiga kelele. Alilia kimya, mdomo wazi, na Julius akatoka bila kugeuka.

* * *

Walipomwona Julius akiingia kwa Rosebellah na mfuko begani, watu kwenye mkeka walivuta miguu wampe njia. Alisalimia kwa sauti ya dereva wa zamani. Aliuweka mfuko mbele ya Norman na kusema kulikuwa na kutoelewana kidogo, wamama hawa unawajua, basi chakula kirudi tu kwa wenye shida.

Rosebellah alivitoa vitu, akavikagua na kuvirudisha mfukoni kimoja kimoja. Alipofika kwenye unga aliupima mkononi. "Hii pakiti imefunguliwa."

"Mmeshapika?" Norman aliuliza.

"Hapana. Ilipasuka njiani."

Mtu mmoja kwenye mkeka alikohoa. Rosebellah aliikunja pakiti mdomo, akaifunga na mpira wa nywele.

"Sawa, bwana Julius. Nashukuru kwa uaminifu," Norman alisema, na akatoa simu mfukoni. "Shika mfuko tena. Simama hapo."

"Wa nini?"

"Picha. Grupu limeona mmechukua, lazima lione mmerudisha. Kisiingie wala kisitoke. Si ni wewe uliandika? Mimi nafuata tu."

Julius alitazama mlango. Wale wanaume wawili walikuwa wamesimama pale pale, na mara hii walikuwa hawatazami sakafu. Angeweza kutoka. Lakini angetoka, picha ya Peris ingebaki peke yake, na maneno yake yangeonekana ya uongo. Akaushika mfuko.

"Inua kidogo, bwana. Jina la duka."

Akainua. Uso wazi, kola imenyooka. Kabla hajafika mlangoni mfuko ulikuwa umeshapewa mama mwingine, na mama huyo alikuwa amechuchumaa akiangalia kama maziwa yamo.

Rosebellah alimfuata mpaka kwenye ngazi. "Julius. Mtoto amekula?"

"Amekula."

"Usinidanganye mimi. Mimi ndiye niliyemkata kitovu."

"Amekula, dada," alisema Julius, akashuka.

* * *

Hakukutana na askari yeyote. Alipofungua mlango wa chumba harufu ya ugali ilimpiga usoni, akashika fremu. Sufuria ilikuwa jikoni, na pembeni yake kabichi iliyokaangwa, nusu aliyotoa Zulekha. Peris alikuwa akigeuza ugali kwenye sinia.

"Unga umetoka wapi?"

"Nawa mikono, Shirleen," Peris alisema.

Akakata ugali mara mbili. Sahani ya mtoto, sahani yake. Wakaanza kula. Shirleen alikula kwa haraka mpaka mama yake akamzuia mkono, tafuna kwanza, hakimbii mtu hapa. Julius aliketi kwenye ukingo wa godoro, shati lake bado limenyooka, akisubiri. Alisubiri mpaka akaelewa.

"Na mimi?"

"Wewe?" Peris hakuinua kichwa. "Wewe ni mtu wa ile familia isiyo na njaa. Watu wote wamesoma, mpaka mama yako. Nisikuaibishe."

"Peris, usinifanyie hivyo. Mbele ya mtoto?"

"Mtoto alikuwepo ulipomnyang'anya maziwa."

Alitaka kutoka, na hakuwa na pa kwenda. Alibaki pale akimsikiliza binti yake akitafuna, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliona haya ya kweli, si ile ya grupu. Ilimjaa kifuani, na bado njaa ilikuwa kubwa kuliko hiyo haya.

Peris alikusanya sahani akaenda kuziosha kwenye bomba la ukumbini. Sufuria aliiacha. Julius aliitazama, akatazama mlango, akapiga magoti mbele ya jiko na kuanza kubandua ukoko kwa kijiko. Ulikuwa mgumu, umeungua upande mmoja. Aliacha kijiko akatumia kucha.

Shirleen alimtazama kwa makini, mikono nyuma.

"Mama!" aliita. "Baba anakula sufuria!"

Bomba likafungwa huko ukumbini.

"Mwache ale," Peris alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. "Foronya imekwisha. Kesho asubuhi anaenda kwa Rosebellah yeye mwenyewe, aseme mbele ya watu kwamba tuna njaa. Akishindwa kusema, asirudi humu."

Julius hakujibu. Mdomo ulikuwa umejaa.